Kona Niliyoipiga Grenda

Jumanne, Nyahanga

Kona ileile. Baba Kulwa aliponiagiza nimtengenezee fremu ya guta, baiskeli yake ya mizigo ya magurudumu matatu, aliniuliza, "Fundi, hapa mabomba yanapokutana huongezi kipande cha chuma?" Nilimcheka. Tena pale nilipochomelea nikapapiga grenda mpaka pakawa laini, papendeze chini ya rangi. Nguvu yote ya maungio niliisaga kwa ajili ya urembo.

Leo fremu imekatika hapohapo, njia ya Kagongwa, ikamwangusha na kumvunja mguu.

Nimemkuta wodini. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Nisamehe, fundi. Nadhani nilizidisha mpunga."

Magunia manne tu. Hata saba guta lingeyabeba, kama ningeweka kile kipande...

Nikamjibu, "Haya, siku nyingine upunguze."