Viganja Sakafuni

Nyumbani, chumba cha uani,
Jumapili jioni.

Mpendwa kitindamimba wetu,

Hujambo huko uliko? Mkeo na watoto hawajambo? Kile kifua chako kimekuacha, au bado kinakusumbua baridi ikiingia? Sisi huku wazima. Mama anakula vizuri na kila siku anauliza utapiga simu lini. Mimi ni mzima wa mdomoni tu, kiuno kina habari zake, na ndizo zimenikalisha niandike.

Kazi yangu unaijua, kufua mashuka ya hospitali. Nimevuka hamsini na bado nainamia masinki ya chini. Nikaomba nihamishiwe kwenye meza ya kukunjia mashuka, ambako mtu husimama wima. Msimamizi akasema hahamishi mtu kwa maneno matupu, atamleta mpimaji wa viungo.

Mpimaji akaja na rula, akatupima sote wa dobi. Unasimama, miguu imenyooka, unainama, anapima vidole vimebakiza kiasi gani kufika sakafuni. Ungewaona wanaume! Yule kijana wa boila, damu bado inachemka, vidole vilimwishia magotini akasingizia suruali inambana. Fundi pasi, rika langu, hata magoti hakuyafikia. Mpimaji akatueleza kwamba kwa kawaida wanawake ni laini kuliko wanaume, na kila mtu hukakamaa umri ukisonga. Nikafurahi, maana umri ninao.

Nikapanga niishie magotini na kuguna kidogo. Nilikuwa naguna vizuri kabisa, mara mwenzetu mmoja akaangusha shuka safi. Mdogo wangu, shuka likigusa sakafu linarudi kufuliwa upya, kwa hiyo sisi mikono huenda yenyewe. Nililidaka, viganja vikafika sakafuni kabla yake.

Mpimaji akasema, "Mama, wewe una viungo vya msichana." Msimamizi akakata shauri palepale: fundi pasi amekakamaa, akae meza ya kukunjia, mimi nibaki masinkini. Fundi wa watu hana kosa, tangu siku hiyo ananikwepa macho. Lakini nimechoka, nimeudhika, na nililia chooni kama mtoto. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na msimamizi hajawahi kufua hata leso.

Kinachonikera zaidi sijakwambia. Baada ya kulidaka lile shuka, kiuno kilikataa, nikabaki vilevile nimejikunja. Wenzangu wawili walinishika kwapani wakanisimamisha, mpimaji kainamia karatasi anaandika. Nikamwambia, "Baba, umeona nilivyoinuliwa?" Akasema yeye ametumwa kupima kuinama tu.

Kesho asubuhi naingia zamu.

Nisalimie wifi, na wanangu uwabusu mmoja mmoja. Mama anakuombea, shangazi naye anasema usimsahau. Mungu akulinde, akupe nguvu za kuinama na za kuinuka.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa na hasira.