Betri Nne za Redio Yako

Na tena, wewe uliyekuwa mchumba wangu, usinitumie wachuuzi wa samaki mara ya tatu. Nimesikia: kwa kuwa nimeolewa na mwingine, nirudishe redio yako. Nilicheka mpaka mume wangu akaacha kazi kunitazama. Hunitazama hivyo hata nikiosha sufuria, nami nayeyuka.

Unakumbuka ulivyokuwa ukija nayo kwetu Kabuta, tukaisikiliza mkekani? Sauti ilipofifia nilikuomba betri mpya. Ukajibu: "Mupya ya nini? Jua ni bure." Basi kila mchana nilizianika betri zako zilezile kando ya chisense, dagaa wetu wadogo, nikizigeuza kwa mapenzi kama mjinga.

Siku redio iliponyamaza kabisa uliitikisa, ukaniwekea mapajani. "Imekufa. Baki nayo, munafanana." Dada zangu walisikia. Ukapanda boti kwenda kwenu Kilwa, ng'ambo ya ziwa, hukurudi.

Nilikaa na maneno hayo msimu mzima. Kisha nikaipeleka kwa fundi wa redio sokoni Nchelenge, nimpe bure, aivunje, vipuri viponye redio za wengine. Akaifungua mgongo, akatabasamu.

"Dada, haikufa hii. Betri zimetapika ndani. Huyo mutu hakufungua hata kuangalia?"

Alikwangua kutu kwa wembe, akapangusa kwa maji ya ndimu, akatia betri zake mwenyewe. Ikaimba. Nililia pale pale, mbele ya wauza nyanya. Alikataa kuivunja, akanibebea mpaka barabarani, akitembea polepole makusudi. Ah, mikono ile! Ndiyo inayonishika sasa.

Redio hiyo ilituchezesha harusini. Kila jioni naiweka mlangoni, sauti juu, boti za Kilwa zikiondoka, ili abiria wakuhadithie. Najua wanakuhadithia. Nalala vizuri.

Redio hupati. Uliitupa kwangu kama maiti, na aliyeifufua ndiye mwenyewe. Lakini sitaki cha mtu nyumbani kwangu. Betri zako nne, zilizovimba na kuchuruzika, mume wangu alizitunza kwenye kopo. Kabla mwezi haujaisha tutavuka naye, redio ikiimba mapajani mwangu mpaka ufukweni kwenu, na mbele ya watu wako nitakukabidhi kopo lako. Uzianike. Jua la Kilwa nalo ni bure.

Mimi,
mke wa fundi redio