Dakika Arobaini

Shoga, nimejifungia chooni hapa hapa kwenye maonyesho yangu ya picha.

Nilikuwa najigamba mbele ya watu jinsi nilivyoipata ile picha yangu ya safari, ya bibi dirishani kainua mkono. Eti nilikaa ng'ambo ya barabara dakika arobaini nikisubiri jua limfikie usoni.

Dada mmoja akasimama. "Huyo ni mama yangu. Alipooza ghafla siku hiyo. Jioni tulimkuta ameshafariki. Alikuwa anakuita wewe."

Ananiita mimi, shoga!

Akarudia tu, "Dakika arobaini?"

Nimezifungua picha zote za siku ile kwenye simu. Kila picha mkono umeshuka kidogo. Ya mwisho dirisha tupu.

Nakumbuka nilisonya.