Trauti Aliyekataliwa Jikoni

Mpendwa dada Wanja,

Nakusalimu kutoka huku Meru, kando ya msitu, ambako koti langu halijakauka tangu nifike. Leo nimevua trauti katika kijito kilicho chini ya shamba la shangazi, kwa chambo cha nzi bandia niliyemfunga mwenyewe kwenye ndoana kwa unyoya wa jogoo. Nilipomfikisha samaki huyo jikoni, shangazi aliziba mlango kwa mwiko.

"Hiyo nyoka haiingii hapa."

Nilimfafanulia kwa kirefu tofauti iliyopo kati ya samaki na nyoka, mapezi kwa matamvua. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaichunguza ndoana iliyokuwa mdomoni mwa samaki.

"Umenishinda, mwanangu. Nyoka iko na akili, haiwezi danganywa na manyoya ya kuku. Lakini sufuria ni zangu."

Basi nimeshinda mjadala, na sasa ninamchoma trauti nje, chini ya mwavuli, huku manyunyu yakiuzima moto. Shangazi amenihurumia, akanipitishia dirishani mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, kwa sharti kwamba sahani iliyoguswa na mikono hii nisiirudishe kamwe.

Kwa hiyo zawadi yako kutoka mlimani ni sahani. Nimekukumbuka mno.

Kaka yako,
Mugendi