Alama ya Jino kwenye Kidani cha Mama

Jumapili jioni, Euless, huku ughaibuni. Nje kunanyesha, nami nimekunja miguu kwenye kochi, moyo mweupe.

Wiki nzima nilikuwa nimenuna. Binti yangu Mghoi anaolewa, na alitaka kidani cha dhahabu cha marehemu mama yangu kiyeyushwe, kitengenezwe pete. Ati ni kizito na cha kizamani. Sonara anamngoja kesho. Nilimjibu, "Fanya utakavyo," kwa ile sauti ambayo kila mtoto wa Kitaita anajua maana yake ni thubutu uone.

Jana tulikuwa Houston kujaribu gauni, mvua ikatukimbiza ndani ya jumba la makumbusho. Humo tukakuta kidani cha Ulaya cha karne ya kumi na sita: nguva wa dhahabu, kiwiliwili chake lulu moja iliyopinda. Fundi aliona lulu kombo, akamwona mwanamke ndani yake. Kando wameandika waliokimiliki: familia ya mtawala, kisha mfanyabiashara, kisha mjane. Mmoja aliongeza lulu za kuning'inia chini. Mwingine akabadilisha mkufu. Na bado ni kile kile.

Hapo hasira ikaniisha. Mimi ni nani hata nimng'ang'anie mtoto?

Nikakivua kidani cha mama shingoni mwangu nikamwekea mkononi. Nikamwambia kakiyeyushe, safari hii nimeridhika kweli.

Akakipapasa nyuma. "Mum, hapa palibonyezwa na nini?"

Sikuwahi kumwambia, basi nikamsimulia. Siku mama alipokinunua Mombasa, alikiuma mbele ya sonara kabla ya kulipa, ajue kama ni dhahabu kweli, maana hakuwa mtu wa kuamini maneno. Sonara alicheka hadi akamwagizia chai.

Njiani kurudi nyumbani, tukipita mji wa Corsicana, Mghoi alikipapasa tena. Kisha akasema hakiyeyushwi tena. Sonara atabadilisha mkufu tu, na chini aning'inize lulu moja, hiyo iwe yake. Alama ya jino isiguswe.

Nililia kidogo, nikasingizia mafua.

Amekiacha kwangu hadi kesho. Nimekaa nacho nikawaza: mama ameacha jino, Mghoi anaacha lulu, mimi je?

Basi nimejifungia bafuni nikakiuma, kando ya alama ya mama. Wapi. Mama alikuwa na meno, jamani. Nimeuma tena kwa nguvu, na sasa kuna kialama, kidogo lakini kipo.

Sitamwambia Mghoi. Wacha binti yake aje akipapase, amuulize.