Watoto wa Kisiwa cha Musira

Kambini, Muleba

Mama yangu Agnesi,

Shikamoo. Kabla hujaniuliza, sijakonda. Ndizi za huku zimeninenepesha mpaka mkanda nimeutoboa tundu jipya kwa msumari. Wewe je? Goti linakubali kupanda kile kilima cha kanisani? Mikorosho imetoa maua, au upepo umeyapukutisha tena? Nauliza kwa barua kwa sababu simu zangu hupokei tangu siku ile uliposema mwanamume akioa mbali hivi ameshazama, na kwamba Mjomba Hilari hatoki hapo Masasi kuja kuposa kwa Wahaya. Barua huwezi kuikata katikati.

Sasa sikia. Mwanao nimekwenda mapumziko kisiwani! Wazungu wanapanda ndege kuja kukitazama kisiwa hicho, mimi nimekwenda na kandambili. Greda liliharibika, tukapewa siku tano. Masasi kwa basi ningefika, nikapiga hodi, nikageuka. Basi Koku, huyo mchumba ambaye hutaki kusikia jina lake, akasema twende Musira. Lakini Wahaya hawamwachi binti yao aende kisiwani na dereva wa greda hivi hivi. Akaja na shangazi yake wa mtaa wa Bakoba, hapo Bukoba mjini, mama mnene mwenye jicho la trafiki.

Musira unakiona ukiwa ufukweni Bukoba mjini, jiwe kubwa limelala majini kama ng'ombe anayecheua. Mama, nimechonga barabara mikoa saba, lakini kwenye boti ile nilishika ubao kwa mikono miwili. Shangazi akaniona.

"Fundi wa barabara, huku hakuna lami?"

"Shangazi, ningekuja na greda langu ningeyasawazisha haya mawimbi."

Akacheka mpaka boti ikayumba, nikafumba macho.

Ila nilipothubutu kufumbua macho, mama, sijui nikwambieje. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya maji, na vijidudu vya ziwani vimeinuka makundi makundi, mamilioni, kama moshi wa moto usiokuwepo. Majabali ni meupe kwa kinyesi cha ndege, nayo yanang'aa. Kwa kitambo nilisahau nimetoka wapi. Nilidhani ziwa limesimama na sisi ndio tunaota.

Alitupokea Ma Justa, mwenyeji wa hapo, anayewatembeza wageni. Alituonyesha nyumba za nyasi, kanisa dogo, na njia ya kwenda pangoni. Njiani akasimulia kwamba zamani za wafalme wao, mtu aliyekataliwa na ukoo wake aliletwa Musira akaachwa. Wapo waliokaa wakitazama ng'ambo kila siku, wakingoja boti ya kuwachukua.

Mlangoni pa pango akatusimamisha. "Viatu hapa. Kila mtu ataje jina lake na la ukoo wake. Humu ndani mna mifupa ya wazee, hatuingii kama wezi."

Koku akataja, Shangazi akataja. Zamu yangu nikatoa sauti ya redio: "Mimi ni Barnaba, mwana wa Agnesi, wa Chiungutwa, Masasi, dereva wa greda!"

Pango likarudisha jina lako, mama. Agnesi... nesi... Polepole, kama mtu anayekuita ukiwa shambani.

Shangazi akanigeukia. "Tumeuliza ukoo, si leseni. Agnesi ndiye baba yako?"

"Ni mama. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama."

"Bojo!" akashangaa kwa Kihaya. "Kwa hiyo Koku akizaa, watoto ni wa nani?"

"Wenu."

"Wetu? Sisi mtoto ni wa baba, hatuchukui watoto wa watu!"

"Na sisi hatuchukui."

Tukatazamana. Koku, aliyekuwa akitafuna kahawa yao ya kuchemsha na kukausha, akasema, "Basi watakuwa wa Musira."

Ma Justa alicheka, Shangazi akacheka. Mimi, ambaye hakuna mzaha unaonipita, sikuweza.

Tulipanda hadi juu. Nililala kwenye nyasi, Bukoba yote ng'ambo ni mabati yanayometameta. Usingizi ukanichukua, nikawaona wanangu, mama, naapa niliwaona wawili, mmoja ana paji lako la uso, wanakimbia kutoka migomba ya Muleba wanatokea kwenye mikorosho yetu, kama ni shamba moja. Halafu nikawaona wamekaa ufukweni wanatazama ng'ambo. Hakuna anayekuja. Nikaamka nikamwambia Koku tushuke.

Kwenye boti Shangazi hakunitania tena. Alisema, "Mwanangu, kaka yangu pale Muleba hawezi kumtoa binti kwa mtu asiye na msemaji. Kwenu anayesema ni mjomba? Basi aje yeye. Akisema mbele yetu kwamba hao watoto atawaita wake, na sisi tutasema ni wetu, nitasimama upande wako."

Nami, unanijua mdomo wangu, nilishajibu kwamba Mjomba Hilari yuko njiani na suti ameshanyoosha. Huo ni uongo, nakiri. Niondolee uongo huo, mama. Sikuombi umpende Koku kabla hujamwona. Naomba umruhusu Mjomba apande basi, nawe ukae kiti cha pembeni yake. Nimesema kwa sauti kubwa kuwa mimi ni wako mahali ambapo wote wanataja baba zao. Nisaidie wanangu nao wawe na wa kumtaja.

Nisalimie Mjomba Hilari, mwambie suti kweli ainyooshe. Msalimie dada yangu mkubwa na wanawe, ambao kwa desturi yetu ni mali yako bila ubishi. Na mama mchungaji, aendelee kukukumbusha dawa ya goti.

Ni mimi, wa kwako hata majini,
Barnaba

Koku anachungulia hapa begani, anauliza unavaa kiatu namba ngapi. Nimemwambia asihangaike, kule pangoni unaingia peku, na jina lako limeshatangulia.