Mustari wa bunga pale kantini

Orpha, uko? Bwana yangu Hilaire ametoka ku kazi, anakaa tu mu salon yetu na viatu ku miguu. Amenielezea yote.

Unajua anafundisha logistique, namna ya kupanga na kugawa bintu, ku banafunzi ba master. Leo alibapa exercice: miaka ya tisini, kantini ya kampuni moja hapa Likasi, bunga ya kugawia batu inapunguka. Batumikaji na bajane ba batumikaji benye kufa banapanga mustari. "Muko consultants. Munashauri nini?"

Hakubaambia kama mama yake alikuwa mu ule mustari. Weye unajua: kisha baba yake kufia mu usine, kiwanda ya ile kampuni, kila asubui mama aliweka gunia yake tupu chini, na jiwe juu yake, ishike nafasi. Mpaka siku moja chef, mukubwa wa kantini, aliokota magunia yote ya bajane, akayatupa inje ya kibambazi.

Mwanafunzi mumoja, Elikia, akasimama: "Tutoe bajane kwanza. Habana faida."

Bajane, Orpha! Habana faida! Na klasi yote ikapiga makofi!

Hilaire akamuuliza: "Nani alikufundisha vile?"

Elikia akashangala. "Ni ninyi wenyewe, Prof. Mulisema tukate kila penye hapana faida."

Na ni kweli, alisema. Miye mwenyewe nilimusikia akitayarisha ile somo, hapa ku meza yetu.

Akamupa pointi zote. Angefanya nini?

Sasa hivi mama yake ametoka mu chumba, amemuuliza kama banafunzi balielewa.

"Balielewa, mama," amejibu. "Balielewa muzuri sana."